Historia ya Kuchungulia Kompyuta ya Mtu Mwingine

Ujumbe wa kwanza kutumwa kwenye mtandao uliozaa intaneti haukuwa salamu. Ulikuwa mtu akijaribu kuingia kwenye kompyuta isiyokuwa mbele yake. Usiku wa tarehe 29 Oktoba 1969, mwanafunzi aitwaye Charley Kline aliketi katika chuo kikuu cha UCLA, Los Angeles, akaanza kuandika neno LOGIN ili aingie kwenye mashine ya taasisi ya utafiti ya Stanford, mamia ya kilomita kaskazini. Upande ule mwingine alikuwa Bill Duvall, na wote wawili walikuwa wanaongea kwa simu ya kawaida. Kline akapiga L, akauliza kama imefika. Imefika. Akapiga O. Imefika. Akapiga G, na mashine ya kule Stanford ikaanguka. Kosa likatafutwa, likarekebishwa, na baada ya kama saa moja wakajaribu tena. Mara hii Kline akaingia.

Yaani siku intaneti ilipozaliwa, kazi ya mtu wa IT ilizaliwa nayo: simu sikioni, mtu mmoja huku, mashine kule, na lile swali ambalo kila mtu wa IT Nairobi ameshachoka kuuliza, "Sasa unaona nini kwa skrini?"

Tangu usiku huo watu wamezidi kujifunza kufanya mambo mawili kwa kompyuta iliyo mbali: kuona inafanya nini, na kusimamisha kile ambacho hawataki ifanye. Ukimpigia mtu wa IT umwambie, "Mashine imehang," siku hizi haji kwa meza yako. Anaingia kutoka alipo, anafungua orodha ya kila kitu kinachoendelea ndani, anatafuta kile kinachomeza memori yote, anakiua, na wewe unarudi kwa kazi yako. Hakuna mtu amepanda matatu.

Lakini mkono unaoweza kufanya hivyo ili kukusaidia ndio mkono ule ule unaoweza kukuibia, ama kukuchunga kama mfungwa. Msaidizi, mwizi na mnyapara wanatumia zana moja. Nikiifuata historia ya zana hizi toka mwanzo, naona tofauti kati ya hao watatu haijawahi kuwa umbali, wala nguvu ya zana. Imekuwa swali moja tu: huyu anayekutazama, wewe pia unaweza kumwona?

*

Turudi wakati ambapo kompyuta ilikuwa moja na watu ni wengi. Mwaka 1961 pale MIT, Fernando Corbató na wenzake walionyesha mfumo ulioitwa CTSS, ambao uliukata muda wa mashine moja vipande vidogo vidogo ili watu kadhaa waitumie kwa wakati mmoja, kila mmoja akihisi ni yake peke yake. Ni kama bomba la maji la ploti. Maji yanatoka mahali pamoja, kila nyumba inajaza mtungi wake, na yule anayekuja na mitungi ishirini anajulikana na kila mtu.

Mwaka 1969 Ken Thompson na Dennis Ritchie wa Bell Labs, New Jersey, wakaanza kuunda mfumo wao, Unix. Kufikia mwanzo wa miaka ya 1970 ulikuwa tayari na amri mbili fupi ambazo bado zinatumika leo: ps na kill.

Kila programu inayoendelea kwenye mashine huitwa mchakato, na mfumo huupa nambari. Amri ya ps inakuorodheshea michakato hiyo: nambari yake, mwenyewe ni nani, imetumia prosesa kwa muda gani. Amri ya kill inatuma ishara kwa nambari unayoitaja. Siku hizi kuna ishara ya heshima, nambari 15, inayosema: tafadhali hifadhi ulicho nacho, funga, ondoka. Kisha kuna nambari 9, ambayo mchakato haupewi hata nafasi ya kuisikia. Mfumo unauondoa tu. Mtu wa IT aliyelelewa vizuri huanza na 15.

Amri hizi tulifundishwa chuoni, kabla sijaacha masomo, kama vitu vya kukariri kwa ajili ya mtihani. Hakuna aliyetuambia kwamba ndani yake kuna katiba ndogo. Kwenye Unix ya kawaida, mtumiaji yeyote aliweza kuandika ps akaona michakato ya wengine wote. Kuua, hapana, uliweza kuua ya kwako tu, isipokuwa kama wewe ni msimamizi wa mfumo, yule anayeitwa root. Kuona ni kwa wote, kuua ni kwa mwenye mali. Na hata root mwenyewe akifanya kitu, kazi yake ilitokea kwenye orodha ile ile, na jina lake kando yake.

Kulikuwa na amri nyingine iitwayo nice, ambayo ulitumia kuisukuma kazi yako mwenyewe nyuma ya foleni ili wenzako wapite. Ebu fikiria hilo. Watu waliandika programu nzima ya kuwa na adabu. Mwaka 1984 William LeFebvre, akiwa Chuo Kikuu cha Rice huko Texas, akaandika top, ambayo inaonyesha orodha ikijipanga upya kila baada ya sekunde chache, walafi wakiwa juu kabisa. Wazo hilo alilitoa kwenye mfumo mwingine, VMS, uliokuwa na kitu kinachofanana na hicho. Mpaka leo ukiingia kwenye seva ya Linux ukitaka kujua nani anaibana, unaandika top.

Mambo haya yote hayakujali umbali. Kibodi yako ingeweza kuwa chumba cha pili ama jiji la pili. Orodha ilikuwa ile ile. Ulikuwa uangalizi wa majirani, ambapo kila mtu alikuwa na dirisha linaloangalia bomba.

*

Wa kwanza kuelewa thamani ya dirisha hilo, mbali na wenye mashine, walikuwa wezi.

Agosti 1986, mwanaastronomia aitwaye Cliff Stoll, aliyekuwa akisimamia kompyuta katika maabara ya Lawrence Berkeley, California, alipewa kazi ya kutafuta senti 75 za dola ambazo hazikulingana kwenye hesabu za matumizi ya mashine. Senti 75 zikampeleka kwa mtu aliyekuwa akiingia kutoka mbali sana. Baada ya miezi mingi mtu huyo alijulikana kuwa Markus Hess wa Hannover, Ujerumani, ambaye pamoja na wenzake alikuwa akiuza alichopata kwa KGB ya Usovieti. Stoll alisimulia yote katika kitabu chake The Cuckoo's Egg, mwaka 1989.

Kuna jambo dogo ndani ya kisa hicho ambalo mimi hulirudia kila mara. Mwizi akiingia, kabla hajagusa faili yoyote, aliangalia nani mwingine yuko kwenye mfumo na michakato gani inaendelea. Alikuwa anajiuliza kama kuna anayemtazama. Na namna alivyoiandika amri ya ps ndiyo iliyomchoma: aliongeza herufi ambayo Unix ya Berkeley haikuitumia, lakini ile ya AT&T iliitumia. Wenyeji wakajua papo hapo kwamba mgeni huyu hakujifunzia kompyuta huku kwao. Ni kama mtu aje Mombasa akidai ni mzaliwa wa Mji wa Kale, kisha aagize mahamri kwa kuyaita mandazi.

Stoll naye alikuwa mjanja. Angeweka programu ya kumfuatilia ndani ya kompyuta, ingetokea kwenye orodha na mwizi angeiona. Kwa hiyo akaunganisha mashine za kuchapisha kwenye nyaya zenyewe, nje ya kompyuta, kila herufi ya mgeni ikichapwa kwenye karatasi bila orodha kujua chochote.

Miaka miwili baadaye, tarehe 2 Novemba 1988, Robert Tappan Morris, mwanafunzi wa Cornell, aliachilia programu iliyojisambaza yenyewe kwenye intaneti. Makadirio ya wakati huo yalisema iliingia kwenye kompyuta 6,000 hivi kati ya 60,000 zilizokuwa kwenye mtandao. Haikufuta kitu. Ilizaa tu nakala zake, moja juu ya nyingine, mpaka mashine zikakosa pumzi. Wasimamizi walifungua orodha wakatafuta jina geni, wakakosa. Programu ile ilikuwa imejibadilisha jina ikajiita sh, jina la kawaida kabisa kwenye Unix, na ilikuwa ikijizaa upya ili kupata nambari mpya. Ukiwahi kuua moja, nyingine imeshachukua nafasi.

Hapo ndipo orodha ilipoanza kudanganya. Kabla ya hapo kazi ya msimamizi ilikuwa kuisoma. Baada ya hapo ilibidi pia ajiulize kama inasema ukweli.

*

Wakati huohuo kompyuta zilikuwa zimeanza kuhama. Badala ya watu wengi kwa mashine moja, kila mtu akapata yake mezani, na bomba la ploti likawa bomba la kila nyumba. Mwaka 1996 Microsoft ikatoa Windows NT 4.0 ikiwa na Task Manager, iliyoandikwa na mhandisi wake Dave Plummer, ambaye aliianza nyumbani kwake. Ile dirisha unayofungua kwa Ctrl, Shift na Esc ndiyo hiyo, ps na kill na top kwa pamoja, kwa mtu asiyetaka kuandika amri.

Lakini Task Manager ilionyesha mashine iliyo mbele yako tu. Ofisi yenye mashine mia mbili ilihitaji mtu wa kuziona bila kutembea ghorofa kwa ghorofa. Kwa upande wa Unix, Tatu Ylönen wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Helsinki alitoa SSH mwaka 1995, baada ya mtu kutega mtandao wa chuo hicho na kunasa manenosiri yaliyokuwa yakipita wazi kwenye nyaya. SSH ilifunga mazungumzo yote kwa siri. Kwa Windows, Mark Russinovich na Bryce Cogswell walianzisha mwaka 1996 mradi ambao baadaye uliitwa Sysinternals, wakatoa zana ndogo ndogo za bure: PsList ya kuona michakato ya mashine nyingine, PsKill ya kuiua. Microsoft ilinunua kazi yao mwaka 2006, na zana hizo bado zinapakuliwa bure.

Angalia adabu iliyokuwa ndani ya zana za kusaidia za miaka hiyo. PsExec, mmoja wa ndugu wa PsKill, ikiingia kwenye mashine ya mbali inaacha mchakato uitwao PSEXESVC, uko pale kwenye orodha, anayetaka aone. Windows XP ya mwaka 2001 ilikuja na njia ya kuomba msaada ambapo wewe ndiye unamwalika fundi, na wewe ndiye unabonyeza kukubali. TeamViewer, iliyoanza Ujerumani mwaka 2005, inakuonyesha nambari ambayo unamsomea fundi kwa simu, na akiwa ndani kuna kidirisha pembeni kinachokukumbusha kwamba hauko peke yako. Kline na Duvall wangeitambua mara moja.

*

Tarehe 1 Agosti 1998, kwenye mkutano wa DEF CON jijini Las Vegas, kikundi cha wadukuzi kinachojiita Cult of the Dead Cow kilitoa programu iliyoitwa Back Orifice. Iliweza kuorodhesha michakato ya Windows 95 na 98 kutoka mbali, kuiua, kuanzisha mingine, kusoma faili, kurekodi kila herufi unayopiga. Wao walisema wanataka kuonyesha jinsi Windows ilivyo na usalama duni. Mwaka uliofuata walipotoa toleo jipya walishikilia kwamba ni zana halali ya kusimamia kompyuta kama zana nyingine zote. Na kwa kweli, ukisoma tu orodha ya uwezo wake, ungedhani ni zana ya IT. Tofauti ni kwamba ilijificha. Mwenye kompyuta akibonyeza Ctrl, Alt na Del kutazama orodha, haimo.

NetBus, iliyotoka Sweden mwaka huo huo, ilikuwa ya aina hiyo. Mwaka 1999, msomi mmoja wa sheria katika Chuo Kikuu cha Lund, Sweden, alikutwa na maelfu ya picha haramu za watoto kwenye kompyuta yake ya kazini. Wasimamizi wa kompyuta ndio walioziona. Akapoteza nafasi yake ya utafiti, jina lake likachapishwa, akaihama nchi, akahitaji matibabu kwa sababu ya msongo. Mwisho wa mwaka 2004 mahakama ilimwondolea mashtaka: iligundua kwamba NetBus ilikuwa imetumiwa kuiendesha mashine yake kutoka mbali. Watu wawili walikuwa wanamtazama mtu huyo, mdukuzi aliyejificha na msimamizi mwenye kibali. Yeye hakumwona hata mmoja. Na wa pili, kwa haki kabisa ya kazi yake, aliamini alichopanda wa kwanza.

Ungetarajia kampuni kubwa zijifunze kutokana na hilo. Tarehe 31 Oktoba 2005, Russinovich yule yule wa PsKill aliandika kwamba amekuta kitu kimejificha kwenye kompyuta yake mwenyewe. Kilitoka kwenye CD ya muziki ya Sony BMG aliyoinunua. CD hizo ziliweka programu ya kuzuia kunakili, na ili usiiondoe, programu hiyo ilifanya faili na michakato yote ambayo jina lake linaanza na $sys$ ipotee kwenye orodha. Baada ya siku chache waandishi wa virusi wakaanza kuzipa virusi zao majina yanayoanza na $sys$, zikajificha chini ya kivuli hicho hicho. Sony ikazirudisha CD zake mwezi Novemba. Mbinu ya mwizi ilikuwa imevaa suti.

*

Huku kwetu tuliikuta historia hii katikati. Wengi wetu tulijua kuangaliwa kwa kompyuta pale saiba. Jamaa wa kaunta alikuwa na orodha ya mashine zote na dakika zilizobaki kwa kila moja. Muda ukiisha skrini inajifunga, nawe unapaza sauti akuongezee dakika kumi. Alikutawala kutoka mbali, mita tano hivi, lakini ulimwona. Ungeweza hata kubishana naye.

Mwaka 2009 nyaya za TEAMS na SEACOM zilifika Mombasa kupitia baharini, intaneti ikapata kasi, na vijana wengi wakaingia kwenye kazi za mtandaoni, uandishi ukiwa mmojawapo. Hapo tulikutana na oDesk, iliyoanzishwa mwaka 2003 na Wagiriki wawili marafiki, Odysseas Tsatalos na Stratis Karamanlakis, ambao walitaka kufanya kazi pamoja huku mmoja yuko Marekani na mwingine Ugiriki. Tangu mwaka 2015 jina lake ni Upwork. Kwenye kazi ya kulipwa kwa saa, programu yao hupiga picha ya skrini yako mara moja katika kila dakika kumi, na huhesabu mara ulizobonyeza kibodi na kipanya. Haipendezi. Lakini unajua iko, unaiwasha mwenyewe, unaziona picha zile zile anazoziona mteja, na unaweza kufuta picha ukikubali kupoteza malipo ya muda huo. Ni mnyapara, lakini ana uso.

Baada ya mwaka 2020, watu walipoanza kufanyia kazi nyumbani, wanyapara wasio na uso waliongezeka. Kuna programu nyingi za kufuatilia wafanyakazi zinazotangaza wazi kwamba zinaweza kufichwa mwajiriwa asijue. Microsoft yenyewe ilikosolewa mwaka huo kwa kuwaonyesha mabosi alama za matumizi ya mfanyakazi mmoja mmoja, na tarehe 1 Desemba ikatangaza kuondoa majina. Najua waandishi wenzangu waliotumiwa faili na mteja waisakinishe kabla ya kupewa kazi, bila maelezo inafanya nini. Rent inakaribia, unasakinisha.

Kuna atakayesema, laptopu ni ya kampuni, na mwenye mali ana haki ya kuona. Sawa. Katiba ile ya Unix ilimpa root nguvu zote, na hakuna aliyelalamika. Kuna atakayesema pia kwamba hata Stoll alijificha. Ni kweli, lakini alimficha mvamizi, ndani ya mashine aliyopewa aisimamie. Hakumficha mtu aliyeketi mezani kihalali. Na mashine kuwa ya kampuni hakufanyi uso wako, ujumbe wako kwa mama yako ama nenosiri lako la benki kuwa mali ya kampuni.

Sheria yetu tayari iko upande huu. Ibara ya 31 ya Katiba ya 2010 inalinda faragha. Sheria ya matumizi mabaya ya kompyuta ya 2018 inakataza kuingia kwenye mfumo wa mtu bila ruhusa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inampa kila mtu haki ya kuambiwa data yake itatumiwa vipi. Kilichobaki ni tabia ya kuuliza.

Kwa hiyo fungua ile orodha. Utakuta majina mengi usiyoyajua, na mengi ni ya Windows yenyewe, yaache. Kama laptopu ni ya ofisi, kuna machache yaliyowekwa na mtu wa IT. Muulize ni yapi, yanaona nini, yanatuma wapi. Mtu wa IT aliyelelewa vizuri atakujibu, hata kwa simu, na pengine atafurahi kwamba kuna mtu ameuliza kabla ya mashine kuganda. Asipotaka kujibu, utakuwa umejua unashughulika na nani.